Kaunsela wa chuo asikae kwenye kamati ya nidhamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wakuu wa vyuo, wazazi na wanafunzi wenyewe kuhusu huduma za ushauri nasaha vyuoni. Kila mwanafunzi akipatwa na janga tunasikia maneno yale yale, chuo kinatoa tangazo, kinasema kimesikitishwa, alafu mwishoni kinaongeza kwamba wenye matatizo wasikae nayo moyoni, waende ofisi ya kaunsela, mlango uko wazi. Mimi nimekuwa matroni wa hosteli za wanafunzi miaka mingi, nimekaa nao usiku na mchana, na nakwambia hao vijana wanajua kabisa mlango uko wazi, wanaupita kila siku wakienda lekcha. Hawaingii kwa sababu wanamjua aliyekaa ndani.

Aliyekaa ndani, mara nyingi sana, ni yule yule anayegawa vyumba vya hosteli, yule yule anayemwita mwanafunzi ajieleze akikutwa na kosa, yule yule ambaye saini yake iko chini ya barua ya kusimamishwa masomo. Asubuhi yuko kwenye kamati ya nidhamu, mchana anaambiwa awe msikilizaji. Inawezekana ni mtu mwema, wengine nimefanya nao kazi na wana huruma ya kweli, lakini huyo kijana anayetetemeka pale nje hawezi kujua leo anaingia kwa nani, kwa mlezi au kwa hakimu.

Na hapa ndipo wakubwa wengi hawapaoni jamani. Shida ya akili kwa mwanafunzi haiji peke yake, inakuja imefungamana na makosa. Kijana ambaye halali usiku, wiki ya tatu sasa, anaanza kunywa pombe ili apate usingizi, na pombe hosteli hairuhusiwi. Binti mwenye dipresheni, ule ugonjwa wa huzuni nzito, hawezi kuamka kitandani, anakosa vipindi mpaka mahudhurio yake yanashuka chini ya kiwango na sasa anaambiwa hatafanya mtihani. Mwingine ana wasiwasi uliopitiliza, akifika chumba cha mtihani kila alichosoma kinafutika, akaona bora aingie na karatasi. Mwingine anavuta bangi. Mwingine amekula ada yote aliyopewa na wazazi kwa kubeti na sasa anaogopa hata kupokea simu ya nyumbani. Ukimuuliza yeyote kati ya hao shida yako nini, jibu la kweli linaanza na kitu kinachoadhibiwa. Sasa atamwambiaje mtu ambaye Alhamisi atakaa mezani kuamua kesi kama yake? Atasema ana stresi za masomo tu, atapewa ushauri wa kupanga ratiba, atasema asante na atatoka. Kwenye ripoti ya mwaka ataandikwa kwamba amehudumiwa.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, mengine yote yananing'inia hapo: kaunsela atolewe kwenye nidhamu kabisa. Asikae kwenye kamati, asiitwe na kamati kutoa ushahidi wa alichoambiwa, asiwe na mamlaka juu ya chumba wala ada wala mtihani wa mtu. Hili wala sio wazo la matroni, maadili ya kazi ya ushauri karibu kila mahali yanamtaka mshauri aepuke kuwa na nafasi mbili zinazogongana kwa mtu mmoja, na hakuna nafasi zinazogongana kuliko kumsikiliza mtu na kumhukumu.

Alafu kuna daftari. Kwenye ofisi moja niliyokuwa nawapeleka wanafunzi, mezani pa sekretari palikuwa na daftari la wageni, jina, namba ya usajili, kozi, saa ya kuingia, na safu ya mwisho imeandikwa sababu ya kuja. Liko wazi pale, kila anayekuja anasoma aliyemtangulia. Nilimshuhudia binti ameshika kalamu, akasoma majina ya juu, mojawapo la mtu wa darasa lake, akaweka kalamu chini taratibu akaniambia matroni ngoja nitarudi kesho. Hakurudi, na mimi sikuweza kumlaumu. Daftari lile halikuwekwa na mtu mbaya, liliwekwa kwa ajili ya takwimu, lakini hesabu ya watu waliokuja unaweza kuipata bila jina la mtu hata mmoja. Na sehemu ya kusubiria iangaliwe pia. Ukimkalisha mwanafunzi kwenye benchi moja na foleni ya wanaofuatilia ada na vyeti, kabla hajaingia ndani habari zake zimeshafika kwenye grupu la darasa.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi ya daftari, ni ile tabia ya kumwadhibu mwanafunzi aliyejaribu kujiua. Anatoka hospitali anakuta vitu vyake vimefungashwa, anaambiwa kwa usalama wa wenzake hawezi kuendelea kukaa hosteli, au aende kwanza nyumbani mpaka apone, na hakuna anayemwambia kupona kutapimwaje wala atarudije. Hii haiko sehemu moja tu. Chuo cha Hunter cha New York kilikuwa na utaratibu kama huo, mwanafunzi mmoja aliyetolewa hosteli baada ya kujaribu kujiua akakishtaki, na mwaka 2006 chuo kikakubali kumlipa dola 65,000 na kuachana na utaratibu ule. Fikiria ujumbe uliokuwa unawafikia wengine wote wenye mawazo kama yake waliokuwa wanaangalia kutoka vyumbani kwao. Walijifunza kwamba ukisema, unapoteza chumba, basi bora kunyamaza, na kwenye hali ile kunyamaza ndio kunakoua.

Najua kuna watakaosema huyu mama anataka siri isiyo na mwisho, je akisema anataka kumuua mtu? Hapana, siri ina mipaka yake na mipaka hiyo iko siku nyingi. Mtu akiwa kwenye hatari ya karibu ya kujiua, akiwa na nia ya kumdhuru mtu anayejulikana, kukiwa na mtoto anayedhulumiwa, au mahakama ikiamuru, hapo kaunsela anaweza kulazimika kusema. Mahakama ya Juu ya California ilishaliamua hilo la kumlinda mtu anayetishiwa mwaka 1976 kwenye kesi ya Tarasoff, na kesi yenyewe ilitokana na mwanafunzi aliyekuwa anahudumiwa kwenye kliniki ya chuo. Ninachotaka ni kwamba mipaka hiyo iandikwe kwa lugha rahisi, ibandikwe ukutani, na kaunsela aisome kwa sauti dakika ya kwanza kabisa kabla mwanafunzi hajafungua mdomo. Pombe haimo kwenye hiyo orodha. Bangi haimo, mimba haimo, sapu, yaani kurudia mtihani, haimo, mapenzi hayamo. Mwanafunzi akilisikia hilo kwa masikio yake ndio utaona mabega yanashuka na anaanza kuongea.

Kuna wazee wenzangu wanasema vijana wa siku hizi ni laini, sisi tulisoma bila kaunsela. Nawaheshimu lakini naomba waangalie umri wa hawa watoto. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2005 uliona kwamba nusu ya matatizo ya akili ya maisha yote ya mtu yanakuwa yameshaanza akifika miaka 14, na robo tatu akifika miaka 24, yaani chuo kinampokea kijana katikati kabisa ya umri ambao magonjwa haya yanajitokeza, na hata yale mazito kama skizofrenia na baipola mara nyingi yanaanza kujionyesha kwenye miaka hiyo hiyo. Mwaka 2018 watafiti wanaoshirikiana na Shirika la Afya Duniani walitoa matokeo ya wanafunzi karibu 14,000 wa mwaka wa kwanza kwenye vyuo 19 vya nchi 8, asilimia 35 walikuwa na dalili za angalau tatizo moja la akili wakati fulani maishani mwao. Zaidi ya mmoja kati ya watatu! Na shirika hilo linasema watu zaidi ya 720,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Hapo uniambie ulaini uko wapi.

Sio kila anayelia ana ugonjwa, hilo nalijua vizuri kuliko wengi maana nimewabembeleza wengi. Kuachwa na mpenzi kunauma, kupata sapu kunauma, kukumbuka nyumbani wiki ya kwanza kunauma, na mengi ya hayo yanapita kwa kulala vizuri, kula, na kuwa na mtu wa kuongea naye. Ninachoangalia mimi ni mda na upana. Huzuni ikikaa kila siku wiki mbili na zaidi, ikagusa usingizi, chakula, masomo na marafiki vyote kwa pamoja, huyo anahitaji mtaalamu, na akianza kusema yeye ni mzigo kwa watu, au anagawa vitu vyake anavyovipenda, huyo hasubiri miadi ya wiki ijayo. Wavulana muwaangalie zaidi kwa sababu hawalii mbele yako, anakuwa mkali tu, anagombana, anapotea, watu wanasema amekuwa na dharau kumbe anazama.

Nikija kwenye idadi, shirika la kimataifa linalokagua huduma za ushauri vyuoni, IACS, lilishapendekeza kaunsela mmoja kwa wanafunzi kati ya 1,000 na 1,500. Chukua chuo chenye wanafunzi 12,000, hapo wanatakiwa makaunsela 8 mpaka 12. Sasa piga hesabu ya chuo kama hicho chenye mmoja tu. Kikao kimoja kwa kawaida ni kama dakika 50, akijitahidi sana ataona watu 6 kwa siku, 30 kwa wiki. Mwanafunzi mmoja tu kati ya kumi akisema naomba kuonana naye, hao ni 1,200, na kuwaona mara moja moja kutamchukua wiki 40, masomo ya mwaka yatakuwa yameisha na hakuna aliyeonwa mara ya pili. Na huyo huyo ndio bado tunampa vikao vya nidhamu na kugawa vyumba! Ukimtoa huko, hata kabla hujaajiri mtu mwingine, umeshapata saa kadhaa za kusikiliza kila wiki, kwa hiyo wanaosema pendekezo langu linahitaji bajeti kubwa naomba waanzie hapo.

Kwa wale wanaosema wataalamu hawapo, nawakumbusha kazi iliyofanyika Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 pale Harare kuwafundisha bibi wa kawaida namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia apange hatua ya kutatua shida yake, wanakaa naye kwenye benchi nje ya kliniki, na mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA likachapisha utafiti wa watu 573 ulioonyesha kwamba baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi lile walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi ninachokiona pale, mbali na mafunzo, ni kwamba yule bibi hana cheo chochote juu yako. Hawezi kukufukuza popote. Anakusikiliza, na kesi ikiwa nzito anaipeleka juu kwa wataalamu wanaomsimamia. Hilo la kusimamiwa nalikazia, kwa sababu kuna vyuo vinachukua wanafunzi wenzao, vinawapa fulana na semina ya siku moja, vinawaita washauri rika, alafu kijana wa miaka 20 anajikuta saa nane usiku ameshika simu na mwenzake anamwambia anataka kufa. Huo ni mzigo ambao hata mtu mzima aliyesomea hapaswi kuubeba peke yake. Mshauri rika awe na namba ya kupiga usiku huo huo, na awe na mtu wa kumsikiliza yeye pia.

Na usiku wenyewe tuuongelee. Ofisi inafungwa saa kumi jioni, shida zinaanza saa nne usiku, taa zikizimwa na kila mtu ameangalia ukuta wake. Wanaowaona wanafunzi saa hizo ni matroni, walinzi na wanaokaa naye chumba kimoja, ndio hao wanatakiwa wafundishwe kwanza. Tangu mwaka 2000 Australia walianzisha mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, yakaenea nchi nyingi, na kikubwa kinachofundishwa kwenye mafunzo ya namna hii ni kuuliza moja kwa moja, je unafikiria kujiua? Watu wanaogopa hilo swali wanadhani linampandikizia mtu wazo, tafiti zimeonyesha sivyo, kumuuliza hakumpi wazo na mara nyingi kunampunguzia mzigo. Akisema ndio, usimhubirie, usimwambie afikirie wazazi wake walivyomlipia ada, kaa naye, usimwache peke yake, ondoa karibu yake kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho, na piga simu ya dharura au mpelekeni hospitali usiku ule ule. Mlinzi wa geti aliyefundishwa hivi anaweza kuokoa maisha ya mtu kabla kaunsela hajaamka.

Kuna fomu pia, nyingi zinatumia yale maswali 9 ya kupima dipresheni, yanauliza hali yako ndani ya wiki mbili zilizopita, na swali la tisa linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba bora ungekufa au ya kujidhuru. Ni fomu nzuri. Lakini nimewahi kuona fomu hizo zimejazwa zimerundikwa kwenye trei, zinasubiri kaunsela arudi safari. Mtu ameandika kwa mkono wake kwamba anafikiria kufa, akaambiwa tutakupigia. Fomu yenye swali kama hilo isomwe kabla aliyeijaza hajatoka mlangoni, kama hakuna wa kuisoma basi siku hiyo isigawiwe.

Wazazi wenzangu, nanyi nina neno. Mnapiga simu chuoni mnadai kuambiwa mtoto wangu alisema nini kwa kaunsela, na mnakasirika mkikataliwa. Naelewa hofu yenu, ada ni yenu na mtoto ni wenu, lakini huyo ni mtu mzima kisheria na siku atakayojua kila anachosema kinafika nyumbani ndio siku atakayoacha kusema. Akiwa kwenye hatari ya kufa kaunsela anaweza kuwatafuta, ni moja ya mipaka niliyoitaja. Kwa mengine, muulizeni mtoto mwenyewe, na akijibu msimkaripie, mwanafunzi akipiga simu akasema amechoka na masomo sio lazima awe mvivu.

Walimu pia. Mwanafunzi anayehudumiwa anaweza kuhitaji kuongezewa mda wa kazi au kuahirisha mtihani, na wapo walimu wanaotaka wajue ugonjwa gani. Hawahitaji. Barua ya kaunsela iseme tu kwamba anahudumiwa na inapendekezwa apewe wiki kadhaa, basi. Na anayeahirisha mwaka kwa ajili ya matibabu apewe karatasi yenye tarehe ya kurudi na jina la ofisi itakayompokea, kwa sababu wengi wanaoondoka bila karatasi hiyo huwa wanadisko, yaani masomo yao yanakatika, kimya kimya, hakuna aliyewafukuza na hakuna aliyewarudisha.

Muhula mpya ukianza, wakuu wa vyuo naombeni mfanye haya ambayo hayahitaji hata kikao kirefu: barua ya kumtoa kaunsela kwenye kamati ya nidhamu, daftari la majina liondoke mezani, mipaka ya siri ibandikwe, na kwenye ile wiki ya kuwapokea wageni asimame kaunsela mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba mkiniambia mmekunywa sitampelekea mtu. Utaratibu wa hosteli nao useme wazi kwamba aliyejaribu kujiua hatapoteza chumba kwa sababu hiyo. Kuongeza makaunsela kutachukua mda, nalijua, lakini hata mkiajiri kumi na wote mkawaweka kwenye kamati, watakaa ofisini wanasubiri watu ambao hawatakuja.

Na wewe mwanafunzi unayesoma hii, huhitaji kujua unaumwa nini ndio uende. Unaruhusiwa kuingia ukasema tu silali vizuri na sijui kwa nini. Kabla hujaendelea muulize, haya nitakayosema yanaenda wapi? Ana wajibu wa kukujibu. Jibu likikutia shaka au ukiona hamwelewani, omba mwingine, au nenda kliniki ya nje ya chuo, sio utovu wa adabu kubadilisha mshauri. Kama hali ni mbaya leo hii, usisubiri ofisi ifunguliwe, mwamshe unayekaa naye chumba kimoja au mgongee matroni. Tumezoea kuamshwa.

Wako msomaji,
Matroni wa hosteli